Kuamini si wazimu, lakini imani isiyoitika ni hatari

Kuna swali linalorushwa huku na huku katika mijadala ya vijana wetu waliosoma, tangu Embu hadi Meru, nami naona halina budi kupita kwa mtu wa lugha kabla ya kufika kwa mtu wa hospitali. Swali lenyewe ni hili: mtu mmoja akisema anasemezwa na asiyeonekana, tunamkimbiza kwa daktari wa akili, mbona watu elfu wakisema hivyo hivyo siku ya Jumapili tunawaita waumini? Eti dini si ugonjwa wa akili uliojaaliwa wingi wa watu?

Aghalabu wenye swali hili humtegemea Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza aliyezaliwa papa hapa Nairobi mwaka wa 1941. Kitabu chake cha 2006, The God Delusion, kimesomwa sana na kubishaniwa sana. Sina nia leo ya kupima hoja zake zote kuhusu kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu. Shughuli yangu ni neno la mwisho katika jina la kitabu chake. Dawkins analitumia kwa maana pana ya kamusi, yaani kushikilia jambo la uwongo ilhali ushahidi unalipinga. Hiyo ni haki yake. Lakini neno ni kama nguo iliyotundikwa jikoni, halikosi harufu ya mahali lilikokaa, na hili limekaa wodini. Ukimwambia mtu kwamba amekosea, unamwalika mjadiliane. Ukimwambia kwamba anaugua, mjadala umekwisha. Kilichobaki ni sindano.

Hebu tujaribu kulitafsiri. Tukisema njozi, tumepotoka, kwa maana njozi katika Kiswahili cha Biblia ni maono ya manabii, na tutakuwa tumemsifu yule tuliyetaka kumkosoa. Tukisema mazigazi, tumezungumzia macho yanayodanganywa na jua kali, si akili inayoshikilia jambo. Dhana potovu ni dhaifu mno. Nani kati yetu hana yake? Basi tunabaki na wazimu, na hapo ndipo mambo yanapochekesha. Wazimu na mzimu ni ndugu wa toka nitoke. Mwendawazimu, ukilichambua neno, ni mtu anayekwenda na hao wazimu, yaani pepo. Majinuni ni aliyeingiliwa na majini. Aliyepagawa ni aliyepandwa na pepo. Kwa hiyo anayesema kwa Kiswahili kwamba kuamini mizimu ni wazimu amesema, bila kujua, kwamba waaminio mizimu wamepandwa na mizimu! Lugha imemrudisha pale pale alipokuwa akipakimbia.

Simchekeshi msomaji bure. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba lugha yetu haikuweka imani katika chumba kimoja na maradhi ya akili katika chumba kingine. Tunapookota neno la daktari na kumtupia jirani, tunafanya jambo zito kuliko tunavyodhani.

Wala hili si jambo la kupigia soga. Katika Tharaka, pande za Meru, Mbeere na ng'ambo ya mto Tana huko Kitui, wamo waumini wa dhehebu la Kavonokya. Jina lenyewe limebeba kitenzi cha kuokoka: pale Kigikuyu kinaposema kuhonoka, Kiembu na Kimbeere husema kuvonoka. Waumini hawa hawatumii dawa za hospitali wala hawakubali watoto wao wapewe chanjo, mgonjwa huombewa. Mara kwa mara machifu, maafisa wa afya na polisi wamelazimika kuingilia kati ili watoto wachanjwe au watibiwe. Habari kama hiyo inapotoka, husikii watu wakichambua. Unasikia tu, "Hao ni wazimu." Je, ni kweli?

Tuanze na madaktari wenyewe, maana neno ni lao. Kwao, uajabu wa imani hautoshi kuifanya ugonjwa. Wana sababu nzuri. Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walikuwa watumwa kisiwani Mbwaa, wakatoroka usiku wakiongozwa na Koomenjwe, na maji yakagawanyika wakapita. Wanaosimulia hivyo wanalima, wanasomesha watoto, wanaendesha matatu na kuketi katika baraza za Njuri Ncheke. Wanahistoria nao wameyakusanya masimulizi hayo na kuyachambua kama kumbukumbu ya uhamiaji. Hakuna aliyewapendekezea dawa.

Kinachowashughulisha madaktari ni namna imani inavyoshikiliwa: imani iliyokazana, isiyolegea hata ushahidi ukija kinyume chake. Mwongozo wa utambuzi wa maradhi uliotolewa na Chama cha Wanasaikiatria wa Marekani mwaka wa 1994 uliongeza sharti jingine, kwamba isiwe imani inayokubaliwa kwa kawaida na jamii ya mtu huyo. Mfano uliotajwa ni imani ya dini.

Sharti hilo lina hekima, lakini peke yake linaufanya wingi wa watu kuwa ndio daktari. Mtu aliye peke yake atakuwa mgonjwa. Akipata wafuasi mia, amepona. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alizuiliwa katika hospitali ya akili ya Mathari kwenye miaka ya 1940. Wafuasi wake walikuwepo, ila hawakuwa watu wa kuhesabiwa na waliomfungia. Kwa upande mwingine, familia ya Kavonokya ina jamaa na majirani wanaoamini kama wao, kwa hiyo kwa kipimo hiki haina neno. Mtoto wao anayehema kwa tabu je? Kipimo kinachomwona mtu mzima na kumpita mtoto ni kipimo chenye upungufu.

Sasa tukumbuke kwamba sisi wa mteremko huu wa mlima tumewahi kuwa upande wa kupimwa. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitufunga katika kifurushi kimoja: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mwaka wa 1954 ikachapisha taarifa kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyoandikwa na Dkt. J. C. Carothers, aliyewahi kuisimamia Mathari kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka mmoja kabla yake, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limechapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya ubongo. Mtu mwenye macho kama hayo angeuona vipi uasi wa watu waliopoteza ardhi? Aliona wasiwasi wa watu walionaswa kati ya mila na usasa, na akaunga mkono shauri la kuwakusanya vijijini. Mamia ya maelfu ya watu wetu walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Kiapo kikawa ugonjwa, na kukiri kukawa tiba.

Angalia kazi iliyofanywa na neno hapo. Mtu akisema, "Nataka shamba langu," itabidi umjibu kuhusu shamba. Ukishasema akili yake imepagawa na kiapo, shamba limetoka katika mazungumzo. Mimi sitetei kila kilichotendwa kwa jina la kiapo. Wapo watu wasio na hatia walioumia. Nasema tu kwamba utambuzi wa maradhi ulitumiwa kukwepa jibu. Waliotoka msituni mwaka wa 1963, akiwamo Musa Mwariama wa Meru, walitoka bado wakidai kile kile walichoingia nacho: ardhi na uhuru. Hawakuwa wamepona chochote.

Neno hilo hilo linaweza pia kufanya kazi ya kinyume, likamsitiri anayepaswa kujibu. Tunaikumbuka Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule, na mhubiri Paul Mackenzie na wenzake wakashtakiwa. Wengi walisema papo hapo kwamba ule ulikuwa wazimu mtupu. Mahakama haikuridhika na usemi huo. Iliagiza washtakiwa wapimwe akili kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji ya watoto 191, na Mackenzie akaonekana anafaa kushtakiwa. Amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama, si yangu. Somo la lugha ni hili: tukiliita jambo kama hilo wazimu, tumeondoa maneno mengine ambayo sheria na maadili yanayahitaji, kama vile hila, mamlaka, woga, uzembe, hatia. Hakuna anayemshtaki mgonjwa kwa ugonjwa wake.

Kwa hiyo neno wazimu lina makosa mawili yanayopingana. Liliwanyamazisha wenye madai ya haki, na laweza kuwaachilia wenye kuwajibika. Chombo kinachokosea pande zote mbili hakifai kazi hii. Tutumie kipi basi?

Mimi napendekeza tusikilize lugha zetu wenyewe. Kwa Kiembu na Kimeru, kama ilivyo kwa Kigikuyu, kuamini ni gwitikia, na imani ni witikio. Mzizi wake ni ule ule wa Kiswahili kuitika na kuitikia. Mtoto akiitwa na mamake huitika. Dua ikiombwa wasikilizaji huitikia. Kumbe kwa wazee wetu mtu mwenye imani ni mtu aliyeitwa akajibu, na kazi hiyo ya kujibu haiishi siku ya kwanza.

Kiswahili kina neno jingine linalofanana na hilo kwa sauti tu: itikadi. Msidanganyike na masikio, hili si mtoto wa kuitika. Linatoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunga fundo. Itikadi ni kile ulichokifunga moyoni kikakaza. Sisemi fundo ni baya; bila fundo mzigo humwagika. Dini yoyote ina mafundo yake, na sayansi pia ina yake. Ila kuna tofauti kati ya fundo linaloweza kufunguliwa inapobidi na fundo lililomezwa na ngozi.

Hapo ndipo ninapoupata mpaka ninaoutafuta. Ninamuuliza muumini yeyote: ukiitwa, unaitika? Ushahidi ukikuita, unageuka kusikiliza? Jirani akikuambia kwamba jambo lako linamuumiza, unajibu? Mtoto akilia, sauti yake inakufikia? Imani inayoitika inaweza kuwa sahihi au ikawa na makosa, lakini ni imani ya mtu mwenye akili timamu anayeishi na wenzake. Imani isiyoitika imeanza kufanana na ile ya wodini, hata kama mwenyewe hana ugonjwa wowote, hata kama wenzake ni elfu kumi.

Chukua mfano wa Mugwe, kiongozi mtakatifu wa Wameru wa kale ambaye padre Bernardo Bernardi aliandika kitabu juu yake mwaka wa 1959. Kwa Waimenti mkono wa kushoto wa Mugwe ulikuwa na utakatifu wake. Haukuonyeshwa ovyo, na nguvu ya baraka ilikuwa humo. Mgeni akisikia hivyo atacheka. Vijana waliokwenda vitani waliitaka baraka ya Mugwe, lakini hawakuacha mikuki nyumbani. Wenye mashamba waliomba mvua, kisha wakashika majembe. Ndivyo ilivyo kwa wakristo na waislamu tulio nao leo. Kiswahili kinasema jitihada haiondoi kudura, na kinywa hicho hicho kinasema ajizi ni nyumba ya njaa. Anayezishika methali hizi mbili pamoja hajachanganyikiwa. Ameacha nafasi kwa Mungu, na ameacha nafasi kwa jembe.

Tukiwarudia Kavonokya kwa kipimo hiki, lazima tuwe waadilifu. Kwanza, hawaumwi akili. Wanalima, wanauza, wanalea, wanajua bei ya pojo na mtama kama mtu mwingine yeyote. Pili, kutoiamini hospitali hakukuanguka kutoka mbinguni. Katika eneo hili hospitali na misheni vilikuja kwa njia moja. Hospitali ya Chogoria ilianzishwa na misheni ya Waskoti mwaka wa 1922 chini ya Dkt. Clive Irvine, mwaka wa 1929 misheni hiyo hiyo ilipowataka waumini waape kuacha tohara ya wasichana, wengi walilihama kanisa. Sidai kwamba hiyo ndiyo asili ya Kavonokya. Nasema kwamba mwananchi wa hapa aliona mapema kuwa mkono unaotoa dawa waweza kudai jambo jingine pia, na shaka ya namna hiyo haiponywi kwa matusi.

Hata hivyo uadilifu una upande wa pili. Waumini hawa wakimwombea mtoto akapona, wanasema Mungu amejibu. Asipopona, wanasema ni mapenzi ya Mungu. Sasa niambieni, ni tukio gani hapa duniani lingeweza kuwaambia kwamba njia yao ina kasoro? Hakuna. Mlango umefungwa pande zote, na mtoto yumo ndani. Mtu mzima akijifungia humo kwa hiari yake, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 32 inamlinda. Lakini kifungu cha 53 kinampa mtoto haki ya huduma za afya, na kinasema maslahi yake ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo linalomhusu. Zingatieni kwamba sheria haikuhitaji kumwita mzazi mwendawazimu ili imwokoe mtoto. Imetumia maneno ya haki na wajibu, nayo yametosha. Chifu na muuguzi wa kijijini wangefanya vyema kuyatumia hayo hayo. Mzazi aliyeitwa mgonjwa atajificha porini na mtoto wake. Mzazi aliyeitwa mzazi anaweza, pengine, kuitika.

Nasikia pingamizi la wacha Mungu wenzangu, kwa sababu nami ni mtu wa kanisani. Watasema imani ya kweli haiyumbishwi na matukio, na watanitajia Ayubu. Naam, tumtaje Ayubu. Huyu alipoteza watoto, mali na afya, asimwache Mungu wake. Lakini je, alinyamaza? Alilalamika, akahoji, akabishana na rafiki zake waliokuja na majibu yaliyokwisha kufungwa, akamtaka Mungu mwenyewe ajibu. Katika kitabu kile waliokemewa mwishoni ni wale wenye majibu tayari. Kusimama imara na kuziba masikio ni mambo mawili.

Pia wako wenzetu wanaojikinga kwa utamaduni. Tangu John Mbiti wa Kitui achapishe kitabu chake mashuhuri cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, imekuwa rahisi kusema, "Sisi Waafrika tu watu wa dini katika kila jambo," na kumalizia hapo. Mbiti alikuwa akiwajibu waliotudharau, na jibu lake lilihitajika. Wanaolikariri leo wanalitumia kufunga mlango, eti ukimhoji mhubiri umewahoji mababu. Mababu hawa hawa waliokuwa na mikuki mkononi? Tusiwasingizie.

Na wafuasi wa Dawkins wasidhani wamesalimika. Waulizwe nao: mtu mwenye imani akikuonyesha kwamba amekusikia, amepima na bado anaamini, utamjibu hoja yake au utarudia jina la ugonjwa? Asiyeweza kujibu ila kwa kurudia jina naye amefunga fundo lake.

Namalizia kwa neno imani. Kwa asili ya Kiarabu, imani ni jamaa ya amani, amana na amini; ukoo mzima unahusu usalama na kutegemeana. Lakini Waswahili walipolipokea walilipa maana ya pili, ambayo kamusi zinaihifadhi na watu wa pwani hawajaisahau: imani ni huruma. Mtu katili husemwa hana imani, hata kama anaswali mara tano au anashinda kanisani. Kuingiwa na imani ni kumwonea mwenzako huruma. Hawakuona haja ya kutafuta maneno mawili.

Nadhani waliona jambo ambalo mabingwa wa saikiatria na mabingwa wa kukana Mungu wamelipita. Tukitaka kujua kama imani ya mtu ingali hai, tusipoteze muda kuuliza kama anayoyaamini ni ya ajabu, au wangapi wanaamini pamoja naye. Tuangalie kama ile ya pili ingalimo ndani ya ile ya kwanza. Mzazi aliyeketi kando ya mkeka akiomba huku mtoto akizidiwa, na kituo cha afya kiko mwendo wa saa moja, hakosi akili. Imani ya kwanza anayo tele. Ya pili ndiyo tunayopaswa kuiita, kwa sauti ya jirani na si kwa kelele za kejeli, mpaka aitike.